Askari 36, wamekwisha wawili tu: na mimi nilikwama hapo hapo

Mkuu umesema umenunua askari 36 wa plastiki wa miguu wa Uingereza, wale wa Vita vya Miaka Saba (1756–1763), umekaa wiki nzima umepaka wawili na sasa boksi umelisukuma chini ya kitanda. Pole aisee, ila tatizo lako sio mkono, tatizo unapaka mtu mmoja mmoja wakati unachotaka ni rejimenti, yaani kikosi kizima.

Kwanza umewaosha? Plastiki laini inatoka kiwandani na mafuta mafuta, mi sikujua, nikapiga rangi moja kwa moja, mwezi haukuisha rangi ya singe zote imebanduka kama ganda la kitunguu. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, waache wakauke, ndio upige praima, ile rangi ya chini ya kushikiza nyingine.

Halafu wabandike sita sita kwenye vijiti vya aiskrimu, na usishike rangi ya pili mpaka makoti yote 36 yamekwisha. Inaboa, sikudanganyi, lakini ukiwa na redio pembeni jioni mbili tu zinatosha. Nyekundu ya askari wa kawaida ichanganye na kahawia kidogo maana makoti yao yalitiwa rangi ya mizizi ya mmea, ilikuwa nyekundu ya tofali hivi, ile kali inayowaka waachie maofisa, wao ndio walikuwa na hela ya nguo nzuri. Mikanda usianze na nyeupe, anza na kijivu halafu nyeupe iguse juu juu tu. Macho achana nayo kabisa, mtu ana sentimita mbili na nusu, ukimpaka macho anaonekana kaona jini.

Nguvu zako weka kwenye ncha za mikono ya koti zilizokunjwa na kifuani, hapo ndipo rejimenti inapojulikana. Chukua zile rejimenti zilizopigana Minden, Ujerumani, tarehe 1 Agosti 1759, askari wa miguu wakawavunja wapanda farasi wa Ufaransa, yaani kitu ambacho hakikutarajiwa kabisa: wote wana koti jekundu, lakini hapo kwenye mikunjo rejimenti ya 12 ina manjano, ya 51 kijani, ya 23 bluu kwa sababu ilikuwa ya kifalme. Mi nilichagua ya 12, na mpiga ngoma wangu nikampaka nyekundu kama wenzake, kumbe wapiga ngoma wao walivaa kinyume, koti la manjano na zile sehemu zilizokunjwa ndio nyekundu! Nikarudia. Ukichukua ya 23 hilo halikuhusu, za kifalme wapiga ngoma walibaki na koti jekundu.

Vanishi iwe ya mati, ukipiga ya kung'aa wanageuka pipi.

Bendera ndio usiharakishe. Kila rejimenti ilibeba mbili, moja ya mfalme, yaani ile ya Uingereza, nyingine ya rangi yao wenyewe. Mi ya mfalme niliiprinti intaneti ile ya Uingereza ya leo, nikabandika na supagluu, nikapiga picha nikarusha kwa washkaji, mmoja akaniambia huo mstari mwekundu wa mshazari ni wa Ireland, umeingia 1801. Miaka zaidi ya arobaini baada ya Minden! Nimejaribu kuibandua mara mbili, mlingoti unataka kukatika, nimeiacha.