Muulize aliyemwona akianguka

Binti aliletwa zahanati na mama mkwe wake kwa sababu ya kidonda cha moto. Kiganja chote cha kulia kilikuwa kimeungua, na huko nyumbani walishakipaka dawa ya meno. Nilikisafisha, nikakifunga, nikampa dawa ya maumivu. Miezi mitatu baadaye akarudi, safari hii ni shavu. Hapo ndipo nilipouliza swali nililotakiwa kuuliza siku ya kwanza: ilikuwaje mtu mzima akaangukia mafiga? Binti akatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini kana kwamba majirani wamejipanga nyuma ya pazia: "Daktari, huyu huwa anaanguka."

Nafanya kazi ya utabibu vijijini, upande wa Mahenge mkoani Morogoro, na kifafa huku si mgeni. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Watafiti bado wanakuja, hasa kwa sababu ya uhusiano wa kifafa na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Hata hivyo, wagonjwa hawaji na kusema "nina kifafa". Wanakuja na kidonda cha moto, jino lililovunjika, ulimi uliochanika ubavuni, au malaria isiyoisha ambayo kipimo hakiioni. Ninaowaandikia hasa ni wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, lakini na wewe mwenye mgonjwa nyumbani soma.

Hatuna mashine ya kupiga picha ya ubongo wala ya kusoma mawimbi yake. Tuna masikio. Tatizo ni kwamba aliyeanguka hana habari. Anakumbuka alikuwa anapepeta mchele, kisha anakumbuka sura za watu zimemwinamia. Jibu lote limo katika pengo hilo la katikati, na wanaolijua ni waliokuwa pale. Kwa hiyo nilimwambia mama mkwe, keshokutwa njoo na aliyemwona.

Alikuja na shemeji wa binti, kijana wa bodaboda. Sikumuuliza kama kulikuwa na mapovu. Swali hilo ni bovu, maana kwa fikra za watu kifafa ni mapovu, na kila mtu atakuitikia ndiyo. Nilimwambia, "Hebu nionyeshe." Kijana akacheka kwa aibu, akavua koti, akalala pale barazani. Akageuza shingo kushoto, akakaza mkono wa kushoto, mkono ukaanza kutikisika, halafu ndipo mwili mzima ukafuata. "Macho?" Yalikuwa wazi. "Halafu?" Alijikojolea, akalala kama saa nzima, alipoamka alikuwa anaongea ovyo.

Dakika 2 za kuigiza zikanipa kila kitu. Mtu aliyezimia kwa njaa au kusimama juani hutokwa jasho, huona giza, huanguka akiwa amelegea, na fahamu humrudia upesi. Aliyefumba macho kwa nguvu huku akirushwarushwa kwa muda mrefu, mara nyingi tatizo lake ni msongo mzito wa mawazo, na usimwambie anajifanya, kwa sababu hajifanyi. Ila anayeanza mkono mmoja kabla ya mwili mzima ana sehemu ya ubongo yenye kasoro: kovu la zamani, mabuu ya tegu wa nguruwe, pengine uvimbe. Huyo anaanza dawa na rufaa inaandikwa.

Kuna kifafa kisichoangusha kabisa. Mvulana mmoja alikuwa anachapwa shuleni kwa kuzubaa. Nilimshikisha kipande cha karatasi mbele ya mdomo, nikamwambia akipulize kipepee bila kukoma kwa dakika 3. Hazikutimia. Karatasi ikatulia, macho yakaganda, kope zikapepesa, kisha akaendelea kupuliza kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu wake alikuwa amesimama mlangoni. Aina hii haisikii fenobabitoni, dawa yetu ya kawaida ya kifafa, na kabamazepini, nyingine ya kifafa, inaweza kuichochea zaidi, kwa hiyo mpeleke hospitali.

Degedege la homa kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ni habari nyingine: pima malaria, pima sukari, kagua kama shingo imekakamaa. Kwa mjamzito aliyevuka wiki 20 ambaye hajawahi kuanguka maishani, kimbilia mashine ya presha, maana hicho ni kifafa cha mimba na dawa yake ni magnesi salfeti. Na kwa yeyote yule, mtikisiko ukipita dakika 5 usingoje uishe wenyewe. Nyumbani mlaze ubavu, ondoa mawe na moto, usimtie kijiko mdomoni.

Dawa tuliyo nayo mara nyingi ni fenobabitoni, ya bei ndogo, inayomezwa usiku mara moja. Mwambie mgonjwa mapema kwamba atasinzia siku za mwanzo, na kwamba dawa huchukua wiki 2 hadi 3 kutulia mwilini. Usipomwambia, wiki ya kwanza akianguka tena ataitupa na kwenda kwa mganga. Kuiacha ghafla ni hatari kuliko kutoianza, kwa hiyo ukiona kopo linakaribia kuisha, anza kutafuta kituo jirani kabla hujaambiwa "imekwisha".

Kosa langu jingine lilikuwa hapo hapo. Nilimwanzishia mama mmoja fenobabitoni bila kumuuliza uzazi wa mpango. Alikuwa na njiti. Dawa hii hudhoofisha njiti na vidonge vya majira, na mwaka ule ule alirudi na mimba, akiniuliza imekuwaje. Nilimweleza ukweli, haikuwa rahisi. Siku hizi naanza na swali hilo, kisha naulizia dawa za VVU, maana nazo zinaguswa.

Yule binti mama mkwe wake alimnunulia daftari la shule, kila akianguka wanachora msalaba. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na misalaba kumi na mmoja. Wa nne haukuwa na hata mmoja. Mafiga nayo yameondolewa, wamejenga jiko la udongo lililoinuka. Siku hiyo ya ukurasa wa nne mama mkwe alibaki nyuma, akaniuliza kama bado kuna haja ya binti kutengewa sahani yake. Nikamwambia haijawahi kuwepo, kifafa hakiambukizwi kwa mate. Akafikiri kidogo.

"Na kikombe je?"