Tunguu limegoma kuchipua? Lifukue kwanza

Mkuu, umesema umefukia matunguu manne ya mimea ya majini kwenye changarawe ya tangi la samaki, wiki tatu zimepita kimya, na sasa unataka kuyatupa. Usitupe. Yafukue leo, ubonyeze moja moja. Lililo gumu kama kiazi kibichi lipo hai, limelala tu. Linalobonyea na kunuka kama yai viza, hilo litoe haraka kabla halijakuchafulia maji.

Kosa hilo hata mimi nimelifanya. Nilizika matunguu matano ya Aponogeton, mmea wa majini, kana kwamba napanda mahindi, matatu yakaozea humo humo. Mawili yaliyopona nikayatia kwenye chupa ya kioo yenye maji ya tangi, bila changarawe, nikaiweka juu ya kifuniko karibu na taa, maana pale pana joto. Moja likaelea siku tatu nikajua ni kapi. Kumbe tunguu kavu huelea hadi linywe maji, likazama lenyewe. Siku ya tisa nikaona kidoti chekundu ubavuni, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kesho yake kilikuwa kimechongoka.

Ukiona utando mweupe kama pamba, usishtuke. Ufute kwa kidole gumba, badilisha maji, endelea kusubiri. Mimi nililifuta lile la pili mara nne na likachipua vizuri tu.

Joto ndilo linaloamsha: nyuzi 24 hadi 28. Maji ya baridi yatakuchelewesha sana. Upande wa juu usikuumize kichwa, lilaze ubavu, chipukizi litaufuata mwanga. Mizizi ikitoka, likandamize kwenye changarawe nusu tu, kichwa kibaki nje.

Kama katika hayo manne kuna la Nymphaea, yaani yungiyungi, hilo usilizike kabisa. Mche wake ukishapata majani na mizizi yake mwenyewe, unaweza kuunyofoa ukaupanda, na tunguu mama mara nyingi hutoa mwingine.

Halafu hukutuambia una samaki gani. Kama ni wachimbaji, matunguu yabaki kwenye chupa hadi majani yafike urefu wa kidole. Lile la kidoti chekundu nililirudisha tangini mapema kwa kiherehere. Asubuhi nikakuta tunguu limebinuka, chipukizi halipo.