Muulize Mhariri: Habari za masika hutafutwa jua likiwaka

Barua za mwezi huu zimenikuta nikipanga kalenda yangu ya masika. Wengi mmeuliza jambo moja kwa maneno tofauti, habari za msimu na wataalamu wake hupatikanaje, nami nimechagua barua nne. Wanaonijua wanajua: nimekaa dawati la mikoani hadi kustaafu, na wavivu hawanipendi.

Shikamoo mama mhariri. Mimi ni mtangazaji wa redio ya jamii, Kilosa. Kila masika tunatangaza yale yale: mto umefurika, nyumba zimebomoka, mkuu wa wilaya amewatembelea waathirika. Wasikilizaji wamechoka na mimi nimechoka. Habari mpya za msimu nitazitoa wapi?

Marahaba mwanangu. Ziara ya mkuu wa wilaya itangazeni, lakini ikiwa ndiyo habari yenu pekee, basi mmeuachia mto uwapangie ratiba. Habari za masika hutafutwa Januari na Februari, vumbi likitimka. Mvua ikishashuka barabara hazipitiki, simu hazina chaji, na mtaalamu mmoja anasakwa na vyombo vyote vya nchi kwa siku hiyo hiyo.

Anza na mbegu. Taasisi ya Uthibiti wa Mbegu, TOSCI, makao yake makuu yako Morogoro, mkoani kwenu kabisa. Nenda ukaulize pakiti halali inatambulikaje, na ile lebo ya kukwangua inamsaidiaje mkulima. Kisha rudi kijijini ufanye jambo ambalo redio ina uwezo nalo kuliko gazeti. Mtafute mkulima anayepanda mahindi ya akiba yake mwenyewe. Mbele ya kinasa sauti ahesabu punje 100, azipange juu ya kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji, akikunje, akiweke ndani ya sufuria lenye mfuniko, na kila siku akinyunyizie maji kisikauke. Baada ya wiki mnakutana tena, kitambaa kinafunguliwa, punje zilizoota zinahesabiwa moja moja. Zikiota 90, mkulima anacheka. Zikiota 55, afisa ugani wa kata aeleze hapo hapo: aongeze punje kwenye shimo, au anunue mbegu nyingine? Hivyo umepata vipindi viwili, na katikati wasikilizaji wako wanafanya jaribio hilo hilo majumbani mwao na kukupigia simu.

Jambo la pili ni utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla msimu haujaanza, nanyi mnausoma kama ulivyo: “wastani hadi juu ya wastani”. Wastani wa wapi, mwanangu? Wastani huo hupatikana kwa kumbukumbu za miaka 30, na siku hizi unaotumika ni wa 1991 hadi 2020. Uliza hapa kwetu ni milimita ngapi, kisha milimita zigeuze zieleweke. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Chukua nyumba yenye paa la bati la mita 8 kwa 10. Ikinyesha milimita 50 ndani ya saa 24, kiwango ambacho kikivukwa TMA wanaita mvua kubwa, paa hilo moja limemwaga lita 4,000. Hizo ni ndoo 200 za lita 20. Sasa simama na mwenye nyumba umuulize ndoo 200 zake zinaelekea wapi. Kama haziendi kwenye tangi, zinaelekea ukutani kwa jirani, na mwenyekiti wa kitongoji ana daftari lililojaa ugomvi wa namna hiyo. Nenda ukalisome kabla halijapata mashauri mapya.

Tatu, mnayo reli. Mvua za mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 ziliing’oa reli ya zamani kati ya Kilosa na Gulwe na kuwaacha maelfu ya watu wenu bila makazi, na si mara ya kwanza wala ya mwisho kwa kipande kile kuleta kero. Sasa treni ya SGR, ile reli mpya ya kisasa, inapita Kilosa kwa mahandaki. Wahandisi wapya wamelikwepaje bonde la mto Mkondoa? Na wanaoishi kando ya tuta wamebaki na kinga gani? Swali hilo linahitaji mhandisi, mtu wa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na mzee aliyeshuhudia maji ya mwaka ule. Watu watatu, kipindi kimoja.

Mkaa kupanda bei, wafyatua tofali kusimama, bodaboda kubadilisha tairi: hizo ni za dakika mbili mbili, usizivute.

Usisahau pia kwamba masika ni msimu mwingine kule Dodoma. Mwisho wa Machi Mkaguzi Mkuu, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake, Aprili zinatua bungeni, na hapo hapo Bunge la bajeti linaanza. Daraja lililokatika kwenu mwaka jana lina mstari wake ndani ya makabrasha yale, au halina. Yote mawili ni habari.

Kuhusu siku za kimataifa, ya maji tarehe 22 Machi, ya hali ya hewa tarehe 23, ya malaria tarehe 25 Aprili, hotuba zake zinafanana kama mapacha. Faida yake ni moja: siku hiyo wataalamu wamepewa ruhusa ya kutoka ofisini na kusema. Mgeni rasmi mwachie mpiga picha. Wewe kakae na yule kijana aliyesimama bandani na chupa ya viluwiluwi vya mbu, umuulize amevitoa mtaa gani.

Shikamoo dada. Ni mwandishi wa kujitegemea, Tanga. Tatizo langu si mawazo, ni wataalamu. Ukipiga simu unaambiwa andika barua kwa mkurugenzi, barua inalala wiki tatu, na mwisho namnukuu bwana yule yule ambaye kila chombo kinamnukuu, awe anajua jambo lenyewe au hajui. Nifanyeje?

Marahaba. Bwana huyo namfahamu, kila mkoa una wake. Sifa yake kubwa ni kupokea simu.

Acha kutafuta vyeo, tafuta anayepima. Kila jambo la masika lina mtu ambaye kazi yake ni kulihesabu. Mvua ina msomaji wa kipimamvua: kila siku saa 3 asubuhi anamimina maji yaliyokusanyika kwenye bilauri yenye mistari, anasoma, anaandika. Kwa hiyo “mvua ya leo” katika daftari lake ni ile iliyonyesha tangu saa 3 asubuhi ya jana, na mwandishi asiyelijua hilo ataitaja tarehe isiyo sahihi. Vipimo hivyo haviko kiwanja cha ndege peke yake. Mashamba makubwa ya mkonge na chai yana mazoea ya kuweka kumbukumbu za mvua, mengine tangu enzi ya mkoloni, na karani wa shamba hufurahi mtu akimuuliza, maana hakuna anayemuuliza.

Wewe hasa uko mahali penye neema. Muheza kuna kituo cha Mlingano cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, wanaojua udongo na mkonge. Muheza hiyo hiyo kuna kituo cha Amani cha NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, watu wa mbu na malaria. Maji ya Mto Pangani yana bodi ya bonde, ofisi yake iko Moshi. Baharini kuna vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, na wavuvi wake watakueleza kusi inaanza lini kushika na ngalawa zinakaa pwani siku ngapi bila kutoka. Mvuvi naye ni mtaalamu. Mnukuu kwa anachokijua, na usimuulize kuhusu tabianchi ya dunia ili upate maneno ya kupamba.

Kuna njia nyingine ambayo vijana wengi hawaitumii. Vyuo vyetu, SUA kile cha kilimo cha Sokoine na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vikiwemo, vimeweka tasnifu za wanafunzi mtandaoni, bure. Andika jina la wilaya yako, ongeza “floods” au “malaria”, maana nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Utakuta kuna aliyekaa kwenye kata yako miezi kadhaa akihoji kaya kwa kaya. Kurasa za mwanzo zina jina la msimamizi wake. Umepata watu wawili: mmoja amekanyaga tope, mwingine ana madaraka ya kuzungumza. Na ukimpigia profesa ukamwambia umesoma kazi ya mwanafunzi wake, ukataja na ukurasa, sauti yake inabadilika hapo hapo.

Barua bado utaandika. Andika ukurasa mmoja, maswali matatu, tarehe unayohitaji majibu, namba ya simu. “Naomba kuzungumza kuhusu mafuriko” ni barua ya kuwekwa kando. “Naomba idadi ya makalvati yaliyozibuliwa kata fulani tangu Julai” inampa afisa kitu cha kutafuta. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mmiliki wa taarifa siku 30 za kukujibu. Hesabu mwenyewe: barua ya Aprili itajibiwa maji yameshaingia baharini. Ya mwisho wa Januari itajibiwa kabla hujatoa mwavuli.

Ukishampata mtaalamu, swali langu la kwanza huwa hili: “Hili umelipima mwenyewe au umelisoma?” Mjuzi wa kweli hachukii, anakwambia sehemu ipi ni yake na ipi ni ya wengine. La pili ni nani anamlipa. Bwana wa kampuni ya mbegu anaweza kusema kweli tupu kuhusu mbegu, ila msomaji wako ana haki ya kujua kwamba anaziuza. Na akikutajia ilani za hali ya hewa, usizichanganye: angalizo ni la chini, tahadhari inafuata, tahadhari kubwa ndiyo ya juu. Nimeona vichwa vya habari vikipandisha angalizo hadi tahadhari kubwa ili vinunulike. Ukifanya hivyo mara mbili, siku ya hatari yenyewe hakuna atakayehama.

Mama, salamu kutoka Portland, Maine, Marekani. Natengeneza kipindi cha Kiswahili kwa ajili yetu Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda wa hapa. Huku masika hakuna, kuna theluji inayeyuka. Nitapataje habari za majira yao zinazotuhusu sisi?

Salamu sana ndugu yangu. Majira ya kuchipua ya huko yamejaa habari, na ya kwanza ni umeme. Kati ya tarehe 15 Novemba na 15 Aprili, kanuni za Maine huzuia kampuni ya umeme kumkatia mteja wa nyumbani bila ridhaa ya tume ya jimbo inayosimamia huduma hizo. Wageni wengi hudhani deni limesamehewa, kumbe linajilimbikiza. Mhoji mtu wa tume mwezi Machi, mkalimani awe karibu, aeleze jinsi ya kuomba kulipa kidogo kidogo. Tarehe 15 Aprili hiyo hiyo kwa kawaida ndiyo mwisho wa kupeleka hesabu za kodi, kwa hiyo familia moja inabanwa pande mbili.

Ya pili ni kupe. Watu wetu waliofuga wanamjua kupe kama adui wa ng’ombe. Huko kupe mwenye miguu myeusi humwambukiza mtu ugonjwa wa Lyme, naye huamka baridi ikipungua. Chuo Kikuu cha Maine kina maabara ya kupe na kina maafisa ugani ambao kazi yao ni kumjibu mwananchi, bure. Waulize hao hao kuhusu bustani: baridi kali ya mwisho hutarajiwa lini, mchicha, yaani lengalenga, upandwe nje wiki gani.

Kwa raha, Jumapili ya nne ya Machi wagema wa miti ya mepo (maple), yenye utomvu mtamu, hufungua mabanda yao kwa wageni. Utomvu hutiririka usiku kukiganda na mchana kukiyeyuka, na takriban lita 40 hupikwa kupata lita 1 ya shira. Mpeleke mgema mmoja wa mnazi au wa mchikichi akaone kazi ya mwenzake, uwarekodi wakibishana.

Asalaam aleikum bibi. Niko Unguja. Nimeandika kuhusu mwani unaooza kwa kukosa jua la kuanikia wakati wa masika. Mtaalamu wa bahari niliyemhoji anataka kuiona habari yote kabla haijatoka. Nimpe?

Waalaikum salaam. Habari yote usimpe, maana ndani yake mna maneno ya wakulima wanawake na ya mnunuzi anayewapunja kwenye mzani, na hayo hayamhusu. Mpigie simu umsomee nukuu zake na kila tarakimu uliyoitoa kwake. Akirekebisha tarakimu, mshukuru na urekebishe. Akitaka kulainisha maneno aliyokwisha kuyasema kwa sababu mkuu wake atachukia, mwambie utaandika kwamba amesisitiza hiki na kile, ila la kwanza linabaki. Kabla hujakata simu, muombe jina la mtu anayeujua mwani na asiyekubaliana naye. Wengi hulitoa wakicheka, na namba ya simu juu.