Haydn na mishumaa iliyozimwa

Je, wanamuziki wa mtunzi Joseph Haydn waligoma walipotoka jukwaani katikati ya muziki? Hapana, hawakugoma. Kuondoka kwao mmoja mmoja kumo ndani ya simfoni yenyewe (kipande kirefu cha muziki wa okestra), Na. 45 ya mwaka 1772. Mwanamfalme Nikolaus Esterházy alikuwa amewaweka muda mrefu kwenye kasri lake la mashambani Hungaria, na wengi walikuwa wameacha wake zao katika mji wa Eisenstadt. Basi Haydn akamdokezea kwa muziki: mwishoni kila mpigaji akimaliza sehemu yake anazima mshumaa, anatoka, hadi wanabaki wapiga fidla wawili tu, kwa sauti ya chini kabisa. Mimi hucheka kila nikiisikia! Inasimuliwa kwamba kesho yake safari ya kurudi ikaanza. Kisa kinatokana na waandishi waliomhoji Haydn uzeeni, ila noti zenyewe zinaonyesha ala zikinyamaza moja baada ya nyingine.