Jibu: Uvujaji umeripotiwa mara tatu, nani anawajibika?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, fundi ameripoti uvujaji mdogo mara tatu, na meneja anasema usubiri hadi kinu cha nyuklia kizimwe kubadilishiwa fueli. Kwanza kabisa fungua kumbukumbu za hitilafu uone nani alitia saini kuahirisha, na aliandika sababu gani. Nilipokuwa kwenye matengenezo tulikuta sababu "haina athari" bila kipimo hata kimoja. Hapo ndipo pa kumbana.

Tafadhali usiudharau huo uvujaji. Pale Davis-Besse, kituo cha nyuklia huko Ohio, Marekani, asidi ya boroni iliyomo kwenye maji ya kupozea kinu ilivuja ikala mfuniko wa kinu. Machi 2002 wakakuta shimo, na kilichokuwa kimebaki kuhimili mgandamizo ni utando wa chuma cha pua wa takriban sentimita moja tu. Ukaguzi ulikuwa umesogezwa kutoka mwisho wa Desemba hadi Februari, tena mamlaka ya udhibiti ikiridhia! Kinu kililala miaka miwili.

Mwenye leseni, yaani kampuni inayoendesha kinu, ndiye wa kwanza kuwajibika, hata mdhibiti akikubali kuahirisha. Meneja asipojibu kwa maandishi, mwone mkaguzi wa mamlaka moja kwa moja, umpe namba na tarehe za ripoti zote tatu.