Jina la mabuyu limeshikwa na mtu asiyeuza

SWALI: Shikamoo wakili. Nyanya yangu aliuza mabuyu Kibokoni, hapa Mombasa, tangu miaka ya tisini. Kazi nimeirithi mimi: shira, iliki, pilipili kidogo, na vikopo vyenye jina lake. Juzi nilitaka kulisajili jina hilo kama alama ya biashara, nikaambiwa lina mwenyewe tangu 2014. Nimezunguka Marikiti na maduka makubwa, sijaona hata kikopo chake kimoja. Je, sheria inaruhusu usajili wake ufutwe? Nimwandikie barua kumtisha kwanza? – Muuza mabuyu, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo barua iweke kando kwanza, nitakueleza kwa nini.

Anza na daftari la alama za biashara kule KIPI, taasisi ya serikali inayosajili alama hizo Kenya. Usajili Kenya hudumu miaka 10, kwa hiyo wa 2014 ulipaswa kuhuishwa 2024. Kama hakuhuisha, huenda huna hata vita vya kupigana. Tazama pia amesajili bidhaa gani, maana bidhaa hupangwa kwa madaraja yenye namba. Peremende na vitu vitamu viko daraja la 30. Mwenye sabuni yuko daraja la 3, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ukikuta usajili uko hai, silaha yako ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506. Alama ambayo haikutumiwa kwa nia njema miaka 5 mfululizo yaweza kuondolewa kwa maombi ya mtu aliyeathirika, na wewe umeathirika, maana jina hilo ndilo linalokuzuia. Unachagua mwenyewe kupeleka maombi kwa Msajili wa alama za biashara au mahakamani. Mimi ningeenda kwa Msajili.

Sasa ile barua. Miaka hiyo 5 huhesabiwa hadi mwezi mmoja kabla ya siku unayowasilisha maombi. Akishtuka leo akapanga vikopo dukani, nawe ukawasilisha ndani ya mwezi huo, vikopo hivyo havimsaidii. Ukimtisha kisha ukalala miezi mitatu, utakuwa umemwamsha mwenyewe! Andaa hati ya kiapo na karatasi zote, ndipo umwandikie, kama bado unataka kumwandikia.

Kuzunguka Marikiti hakutoshi. Yeye akileta stakabadhi za mauzo ya kweli Kisumu, umekwisha. Anaweza pia kudai kwamba mazingira maalumu ya biashara yalimzuia. Lakini ukubwa wa jina peke yake haumwokoi mtu: Juni 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba McDonald's hawakuthibitisha kuwa wametumia "Big Mac" ipasavyo kwa bidhaa za kuku, wakaipoteza kwa bidhaa hizo. Walioomba ifutwe ni Supermac's, kampuni ya mikahawa ya Ireland.

Usipoteze muda kubishana kwamba 2014 hakustahili kusajiliwa. Miaka 7 ikishapita, usajili huwa mgumu kupingwa kwa hoja hiyo, labda uthibitishe udanganyifu, au kwamba alama yenyewe inapotosha watu. Hoja ya kutotumika haizuiwi na miaka hiyo.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona zito kuliko yote. Kifungu cha 10 humlinda aliyelitumia jina mfululizo kabla mwenye usajili hajalitumia wala kulisajili, na matumizi ya uliyemrithi biashara huhesabiwa. Tafuta leseni za kaunti, na za manispaa ya zamani, picha za nyanya na meza yake, daftari la wateja wa mkopo. Hata maombi ya kufuta yakikwama, karatasi hizo zitakuwezesha kuendelea kuuza.

Mwisho, kufutwa kwake hakukupi wewe umiliki. Peleka maombi yako mwenyewe sambamba. Yakikubaliwa yatatangazwa, na watu watakuwa na siku 60 za kupinga. Na hilo neno "mabuyu" usidai ni lako peke yako. Ni la Mombasa nzima, na Msajili hatakupa.