Kumbatio lisilo na bao

Wiki iliyopita mliuliza: "Je, anime (katuni za Kijapani) za michezo siku hizi zinatengenezwa kwa ajili ya wasichana tu?" Mkatoa mfano wa Free!, ile ya vijana wa klabu ya kuogelea ya Iwatobi, kazi ya studio ya Kyoto Animation ya mwaka 2013. Mimi naona wasichana wanasingiziwa. Swali ambalo ningependa tujibu ni kwa nini sisi wanaume, tukiona vijana wa kiume wanaopendana kirafiki na vifua vyao viko wazi, tunaanza kujikuna na kuulizana kama hakuna kitu kingine cha kuangalia.

Na tusisingizie miili. Wanaume hao hao wamekua na Dragon Ball, anime ya mapigano, ambako ni nadra pambano kubwa kuisha shujaa wake Goku akiwa na shati zima mwilini. Sijawahi kusikia mtu akilalamikia kifua cha Goku. Anapigana, basi ameruhusiwa.

Nilipokuwa nakaa geto na wenzangu Dar, jioni moja tulifika sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza wa Free!. Kwa asiyeijua: Rin Matsuoka aliwahi kuogelea timu moja na Haruka, kijana wa Iwatobi, walipokuwa shule ya msingi, kisha akageuka kuwa mpinzani wake. Sasa nahodha wa timu yake hamtaki kwenye kikosi cha kuogelea kwa kupokezana, dunia imemwangukia, anatoka nje ya ukumbi. Haruka anamfuata. Wanavutana, wanaangushana chini, Rin analia kwa sauti, na Haruka anamwambia waziwazi kwamba anataka kuogelea naye. Wote wawili wamevaa nguo. Hapo kaka mmoja, aliyekuwa anatuzidi umri na ndiye aliyelipia umeme, akanyoosha mkono juu ya bega langu akabonyeza mshale, picha ikaruka mbele. Nikarudisha. Akabonyeza tena. "Mdogo wangu, hawa jamaa mimi siwaelewi. Weka ngumi." Aliyekuwa anamenya viazi mlangoni akacheka, wengine wakacheka kwa sababu yeye amecheka, na sote tulijua "siwaelewi" ilimaanisha nini. Nikaeleza kwamba Rin amefiwa na baba, kwamba ndoto anayoibeba ni ya baba yake. Kaka akaitikia, "Sawa, apumzike kwa amani, weka ngumi." Ngumi zikawekwa. Niliimalizia ile sehemu usiku, peke yangu, sauti nimeipunguza.

Huyo kaka nilikuwa naye Uwanja wa Taifa tarehe 24 Machi 2019, Stars ilipoifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. Penalti ya Erasto Nyoni ilipoingia alinikumbatia mpaka mbavu zikauma. Kipenga cha mwisho kilipolia, alimlilia begani mzee mmoja ambaye hata jina hakumuuliza, jezi zote mbili zimelowa jasho. Hakuna aliyemshangaa, na mimi nilimpenda zaidi siku ile.

Bao lilimpa kibali. Rin na wenzake hawana kibali. Rin anaingia majini na kikosi cha Iwatobi ilhali ni mwanafunzi wa Samezuka, shule pinzani, matokeo yanafutwa, na wanaondoka bila nafasi ya kusonga mbele. Wanakumbatiana bila kombe. Nadhani hapo ndipo kaka yangu alipokosa pa kushika: mapenzi ya marafiki yamesimama peke yake, hayana ushindi wa kuyafunika.

Nilitaka niishie hapo na hukumu kwamba ni woga. Ila kabla ya kutuma nimeirudia sehemu ya kwanza, na sasa sina uhakika kama nilivyokuwa nao. Kamera ya Free! inatazama. Haruka anatoka kwenye beseni la kuogea na picha inasimama kwenye misuli ya tumbo, inateleza mgongoni, haina haraka. Gou, dada yake Rin, hupenda kuisifia misuli ya waogeleaji kwa sauti, na mtazamaji anakalishwa kiti kimoja naye. Kwenye Haikyuu!!, anime ya mpira wa wavu, kamera inafuata mpira na ule mkono wa Kageyama unaomwinulia Hinata. Huhitaji kuamua chochote kuhusu mwili wa mtu. Mwanaume ambaye hajawahi kuombwa amtazame mwanaume mwenzake hivyo anashtuka, na mshtuko siyo chuki. Wasichana wamekalishwa kiti kama hicho miaka mingi, kila anime ikitafuta kisingizio cha kwenda ufukweni, na tulikuwa tunawaambia wavumilie.

Kwa hiyo kwa sehemu ya kwanza nawasamehe wanaume wenzangu, na anayeanza namshauri aanze na Haikyuu!!. Kwa sehemu ya 12 siwasamehe, maana kwenye machozi ya Rin hakuna kifua wazi cha kusingizia. Ingawa hata hapo nasema kwa wale ninaowafahamu, waliolelewa kuambiwa mwanaume halii. Aliyelelewa vingine atakuwa na lake. Na ninayosema ni ya Free! tu. Yuri on Ice ya 2016 msiichanganye humu: pale mapenzi ya wale wacheza barafuni ndiyo hadithi yenyewe, na anayekwazika nayo anakwazwa na jambo jingine ambalo sijalijibu.